MAZUNGUMZO YA JUMA: GARI LA ABIRIA NA STESHENI NDOGO

Juma hili twataka kuzungumza habari za magari ya moshi yachukuayo abiria, na hasa yale yaendayo bara, upande wa Kisumu na upande wa Nanyuki. Moshi wenyewe ulikwisha zamani, lakini jina limebaki, nasi tutalitumia. Gari la Mombasa halina haja ya kutetewa na sisi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa kwa abiria mwaka wa 2017, watu hugombea tikiti zake siku za sikukuu. Na nauli ya daraja la chini ilipopandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500 mwanzo wa mwaka wa 2024, wasafiri walinung'unika, walakini mabehewa hayakubaki matupu. Lenye mashaka ni gari la bara. Lilikwisha kufa mara moja, likafufuliwa, na hata baada ya kufufuliwa hapana mkulima wa Koru wala karani wa Karatina awezaye kukuambia kwa yakini kama mwaka ujao atalisikia likipiga honi.

Watu wengine husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa reli, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana, nasi tutaonyesha sababu.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani Kisumu, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence. Mwendo wote ulikuwa maili 580 na zaidi. Kipande kilichowataabisha sana mafundi hakikuwa nyika ya Tsavo, ingawa simba wa Tsavo ndio waliopata sifa vitabuni, bali kilikuwa kile kitokacho Nakuru na kuupanda Mau. Reli hupanda pale hata kupita kimo cha futi 8,300, kisha huteremka kuelekea ziwani, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, mpaka kufika mahali palipo chini ya futi 3,800. Ilibidi kujengwa madaraja ya chuma zaidi ya 20 juu ya mabonde. Matawi yalifuata baadaye: Thika ilipata reli mwaka wa 1913, na yapata mwaka wa 1930 matawi ya Nanyuki na Butere yalikuwa yakikamilishwa.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya mkulima Mwafrika. Ukweli huo haufichiki. Ilijengwa kwa mambo ya dola, na matawi yake yalielekezwa kwenye mashamba ya walowezi ili kuchukua ngano, mahindi na kahawa yao. Lakini kitu kikisha kuwekwa barabarani hakimwulizi mtu kabila lake. Mabehewa ya daraja la tatu yalijaa watu waliokwenda kutafuta kazi, wanafunzi waliorudi shuleni na masanduku yao ya bati, mama waliochukua kuku na ndizi, na wazee waliokwenda kuwatazama watoto wao mjini. Miji mingi tuionayo leo kati ya Nakuru na Kisumu ilianza kuwa stesheni kabla ya kuwa mji. Maduka yalijengwa kuikabili reli. Ofisi ya posta ikafuata, kisha soko. Ukitembea Muhoroni au Londiani leo utaona jinsi mji ulivyokaa, kana kwamba bado wangoja kitu kishuke.

Sasa gari hilo lilikufaje? Hapana mtu mmoja aliyeliua. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki liliundwa mwaka wa 1948, nalo lilikuwa na nguvu. Injini zake kubwa za mvuke, 34 kwa hesabu, zilipewa majina ya milima yetu, na mojawapo, Mount Gelai, bado yaweza kutazamwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, reli nayo iligawanywa kama mali ya marehemu, na kila nchi ikachukua injini na mabehewa iliyoweza kuyashika. Mwaka uliofuata bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, nayo reli ikapoteza mzigo uliokuwa ukiilipa vizuri. Yafaa msomaji akumbuke jambo hili: katika nchi nyingi ni mizigo ilipayo gharama za abiria. Mizigo ikihama, abiria ndiye wa kwanza kuambiwa hana faida. Malori yakaongezeka, matatu zikaongezeka, mataruma yakaoza, na gari likawa likichelewa saa nyingi hata watu wakaacha kuliuliza.

Mwaka wa 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni moja kwa mkataba. Mkataba ule ulikuwa wa miaka 25 kwa mizigo, lakini kwa abiria wa Kenya ulikuwa wa miaka 5 tu. Tazama hesabu hiyo vizuri. Aliyeandika mkataba alikwisha kuamua moyoni mwake kwamba gunia la saruji lina maisha marefu kuliko mwenye tikiti. Miaka ile 5 ilipopita, magari ya abiria ya bara yalikoma, na mkataba wote nao ukavunjwa mwaka wa 2017.

Ndipo pakatokea jambo la kusifiwa. Mwaka wa 2020 askari wa jeshi na vijana wa Huduma ya Taifa walishirikiana na mafundi wa Shirika la Reli kuitengeneza njia ya Nanyuki, wakafyeka vichaka, wakabadilisha mataruma, wakaondoa nyumba na vibanda vilivyojengwa juu ya reli. Na mwezi wa Desemba mwaka ule gari la abiria likapanda tena kupita Thika, Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2021, gari la Kisumu nalo likarudi. Watu walijipanga kando ya njia kulitazama. Watoto wa shule walikuwa hawajapata kuona gari la abiria maishani mwao isipokuwa katika picha, na wazee waliwaeleza kwa majivuno kana kwamba wao ndio waliolileta.

Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini tuangalie gari lenyewe lilivyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Gari la Kisumu liliondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, likafika Kisumu Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Jumapili jioni likarudi. Nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 600, na ya daraja la kwanza shilingi 2,000. Kwa karani wa Nairobi ambaye kwao ni Nyanza au Magharibi, utaratibu huu ulifaa: amaliza kazi Ijumaa, alala njiani, aamka nyumbani, na Jumatatu yuko mezani pake tena. Hapana ubaya. Ila mtu huyo ni mmoja tu katika watu wengi ambao reli yapita mlangoni mwao.

Tuseme mama mmoja wa Koru ana mayai na mboga za kupeleka Kisumu. Aenda stesheni siku ya Jumanne, akamkuta kijana kazini.

"Mwanangu, gari la Kisumu litapita saa ngapi?"

"Mama, leo ni Jumanne. Gari la abiria hupita mara moja kwa juma, alfajiri ya Jumamosi."

"Na la kunirudisha jioni?"

"La kurudisha ni la Jumapili usiku, mama."

"Basi nilale wapi siku mbili kwa ajili ya mayai?"

Mama huyo atapanda matatu, naye hana kosa. Kisha mwisho wa mwaka bwana mmoja atafungua daftari na kusema, "Hapa Koru hapana abiria." Ni kama mtu afunguaye duka lake usiku, siku moja kwa juma, kisha akalalamika kuwa wanunuzi wa mji huu ni wachache. Gari lipitalo mara moja kwa juma ni gari la matembezi. Ni zuri kwa matembezi, lakini halifai kupimwa kwa mizani ya gari la kazi, na wala haifai stesheni kuhukumiwa kwa hesabu yake.

Kosa la namna hii si geni, wala halikuanzia kwetu. Uingereza, nchi iliyotuletea reli, ililifanya kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka wa 1963 Dr. Richard Beeching, mkubwa wa reli za huko, alitoa taarifa iliyoshauri stesheni 2,363 zifungwe pamoja na njia za maili 5,000 hivi. Hesabu ya abiria aliyoitumia ilikuwa ya juma moja tu la mwezi wa Aprili 1961. Msomaji atafahamu mara moja ubaya wake: kuna miji ya pwani kule ambayo watu huiendea wakati wa kiangazi, mnamo Julai na Agosti, na mtu akihesabu Aprili ni kama ahesabuye wanunuzi wa mahindi kabla ya mavuno. Tena ilidhaniwa kwamba abiria wa tawi lililofungwa atapanda basi hadi njia kuu na kuendelea kwa gari la moshi. Wengi hawakufanya hivyo. Mtu akisha kupanda basi au kununua motokaa, huendelea nayo mpaka mwisho wa safari. Tawi likakatwa, na shina likakosa maji. Njia moja iliyofungwa mwaka wa 1969, ile ya kusini ya Edinburgh huko Uskoti, sehemu yake ilibidi ijengwe upya na kufunguliwa mwaka wa 2015, kwa gharama ya kujenga upya kile kilichong'olewa.

Majirani zetu nao wana mafunzo. Uganda ilisimamisha magari ya abiria mwaka wa 1997, na ilipokuwa Desemba 2015 ndipo abiria wakapata tena gari, nalo lilikuwa la safari fupi za Kampala. Tanzania ilirudisha gari la abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi mwezi wa Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, na Oktoba 2020 likafika Arusha. Yaonekana basi kwamba gari la abiria laweza kurudi, lakini mtoto aliyezaliwa siku liliposimama huwa mtu mzima kabla ya kuliona.

Hatusemi kwamba kila gari lastahili kuokolewa. Njia ya Kisumu ina kona nyingi na mlima mkubwa. Saa 12 kwa kilometa 400 hivi ni mwendo wa pole, na basi la mchana lalipita kwa mbali. Mtu mwenye haraka hatapanda, wala tusimdanganye. Mvua nazo ni adui: zilipozidi mwezi wa Aprili 2024, hata magari ya asubuhi na jioni ya kuzunguka Nairobi yalisimamishwa. Kuitunza njia kama hii ni gharama, na fedha hizo lazima zitoke mahali.

Lakini kwa maoni yetu, thamani ya gari la bara haiko katika safari ndefu bali katika safari fupi zilizo ndani yake: Muhoroni kwenda Kisumu, Molo kwenda Nakuru, Karatina kwenda Thika. Soko la Karatina ni mojawapo ya masoko makubwa ya nchi hii, na reli yapita mjini mwake. Gari dogo la mchana, lenye behewa moja la mizigo ya wakulima, likipita siku za soko na kusimama kila stesheni, lingemfaa mwananchi kuliko gari zuri la Ijumaa lililojaa watalii wa Nanyuki. Hatuwachukii watalii, walipe, wafurahi. Twasema tu kwamba behewa la kabichi lisisahauliwe.

Tena kuna jambo la roho za watu. Barabara kubwa ya kutoka Nakuru kwenda magharibi, hasa kipande cha Salgaa na Mau Summit, imewafanya mayatima wengi. Mwezi wa Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawapiga watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara na wengine waliokuwa wakingoja magari, na watu zaidi ya 50 wakafa. Watu wale walikuwa kando ya barabara kwa sababu biashara na usafiri viko barabarani. Hatusemi kuwa gari la moshi lingaliwaokoa siku ile, hapana ajuaye. Lakini kila gunia na kila abiria arudiye relini hupunguza msongamano barabarani, na katika hesabu ya faida na hasara ya reli hatujaona safu iliyoandikwa jambo hili.

Sasa kuna habari nyingine iletayo tumaini na wasiwasi pamoja. Mwaka wa 2025 Serikali ilitangaza nia yake ya kuiendeleza reli mpya, ambayo ilifika upande wa Naivasha mwaka wa 2019, hadi Kisumu na Malaba. Ni habari njema kwa nchi. Walakini tukumbuke yaliyotokea upande wa Mombasa. Gari la abiria la reli ya zamani lilikoma mwaka wa 2017, wakati ule ule lile jipya lilipoanza. Msafiri wa Nairobi kwenda Mombasa alipata saa 5 badala ya usiku kucha. Mtu wa Voi na wa Mtito Andei naye alipata stesheni mpya. Lakini mtu wa Makindu, wa Sultan Hamud, wa Mackinnon Road, wa Mazeras, aliyekuwa akipanda pale pale alipozaliwa, alibaki akilitazama gari likipita juu ya tuta kwa kasi. Reli mpya hupenda kunyoka, na stesheni zake ni chache na aghalabu ziko mbali na mji. Ikifika Kisumu, je, Koru itakuwa na nini? Je, Fort Ternan? Je, reli ya zamani itaendelea kutengenezwa ili iwe tawi la kulisha ile mpya, au itaachwa iote majani kwa mara ya pili?

Maswali haya yafaa kuulizwa sasa, kabla kuta hazijajengwa. Na mwananchi ana haki ya kuyauliza, maana ndiye alipaye. Tangu mwaka wa 2013 bidhaa nyingi ziingiazo nchini hutozwa ushuru wa kuendeleza reli. Mkulima anunuaye dawa ya kunyunyizia kahawa iliyotoka ng'ambo, au karani anunuaye viatu vya mtoto wake, huenda amekwisha kulipia reli hata kama hajapata kupanda gari maishani mwake. Katiba ya mwaka wa 2010 yataka watu washirikishwe katika mambo kama haya. Mikutano ikiitishwa, watu waende, wala wasiende kuuliza habari za fidia ya ardhi tu, ambalo ndilo swali tulisikialo kila mahali. Waulize pia: gari litasimama wapi, mara ngapi kwa juma, na saa ngapi?

Nasi wenyewe tuna la kujilaumu. Wako wanaong'oa misumari na vyuma vya reli kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Wako walimao mpaka kwenye kokoto, na wajengao vibanda vya biashara kati ya vyuma viwili, kisha siku gari lirudipo hulia kwamba wameonewa. Mtu aibaye taruma moja usiku hudhani ameiibia Serikali. Amewaibia abiria 600 waliolala ndani ya mabehewa wakimtumaini dereva na njia. Machifu na wazee wa vijiji vilivyo kando ya reli wawatazame watu hao, nao wanunuzi wa vyuma waulizwe walivipata wapi.

Kwa yeyote atakaye kusafiri bara kwa gari la moshi, shauri letu ni dogo: aulize kwanza stesheni, au apige simu, kama gari litakwenda juma hilo. Na gari likiwapo, basi alipande, hata kama ni mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi, wakati matatu zipandishapo nauli kama zipendavyo.

Wasomaji wakaao karibu na stesheni ambapo gari la abiria halisimami tena twawaomba watuandikie. Watutajie jina la stesheni, mwaka walioliona gari la mwisho kusimama, njia waitumiayo sasa kupeleka mazao sokoni, na nauli walipayo kwa mtu mmoja na kwa gunia moja. Barua ziwe fupi, ziandikwe kwa wino upande mmoja wa karatasi. Tutakazopata tutazichagua na kuzipiga chapa katika ukurasa huu.